Gundi ya Bi Zohara

Pine Hollow, Arkansas
12 Januari

Bi Zohara,

Siku ya tisa leo tangu nirudi na mkono wangu bado unanuka gundi yenu. Dwayne alinipokea uwanja wa ndege, akanitazama juu hadi chini, akasema, "Wale watu wamekulisha nini, mbona umenenepa hivyo?" Nikamwambia akamuulize Bi Zohara na mafrum yake ya Ijumaa, vile viazi vya kujaza nyama. Jumapili nikajaribu kumpikia. Viazi vilipasuka vyote, nyama ikabaki inaogelea. Alikula, maskini, akasema ni supu nzuri.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu najua unavyoichukia simu, na binti yako Hodaya aliniahidi kwamba atakusomea.

Jengo letu limekamilika. Ndilo lile nililokuonyesha kwenye picha, kile kiwanda cha karatasi alichofanyia kazi Dwayne miaka kumi na tisa mpaka siku walipokifunga. Sasa ndani kote ni kweupe kama hospitali. Mbunge wetu alikuja kukata utepe. Akasema Bunge la Washington limepitisha fedha za kutengeneza makombora ya kinga pamoja na Israeli, nchi yenu, na kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo lazima itumike hapa, kwa mikono ya watu wa hapa. Watu walipiga makofi mpaka mchungaji wetu akatokwa machozi. Tumeajiriwa hamsini na watatu. Hakuna aliyewahi kushika kisanduku isipokuwa mimi niliyekaa mezani kwako miezi miwili, kwa hiyo wananiita mwalimu. Mwalimu! Na wewe ulikuwa unanichapa mkono kila nilipomimina haraka.

Nawaambia ulivyoniambia: kisanduku hiki kinakaa kwenye kichwa cha kombora la kinga, humo ndimo ilimo akili yake, na gundi ndiyo inayoishika akili isitikisike likiruka kwenda kulidungua kombora la adui. Tukikosea sisi, wengine wote wamefanya kazi bure. Nimeyaandika hayo ukutani na jina lako chini yake.

Kuna jambo nilitaka kukuambia pale uwanja wa ndege, ila Hodaya alikuwa anatuchekesha na muda ukaisha. Siku nyingine.

Mwanafunzi wako mwenye mikono mizito,
Charlene Odom


Kiryat Gat
3 Februari

Charlene, roho yangu,

Anayesema ni mimi Zohara, anayeandika ni Hodaya, maana Kiingereza changu kinaishia kwenye "simama" na "mbaya hiyo".

Viazi vyako vilipasuka kwa sababu ulivikata kama unakata kuni. Unapasua katikati lakini huachanishi, unaacha kama mdomo wa mtu anayepiga miayo, ndipo unatia nyama. Nilikuonyesha mara tatu. Ulikuwa unatazama televisheni.

(Mimi Hodaya: anayasema haya huku amenisimamia na mwiko, na kila nikiandika neno refu anauliza, "Hilo umeongeza wewe?")

Nyumbani wote wazima. Mzee wangu Pinhas mgongo unamsumbua lakini hataki kuacha kuendesha lori, anasema akikaa nyumbani nami tutauana. Hodaya bado anafundisha chekechea, ana watoto wake thelathini, anarudi ana rangi mpaka masikioni. Mwakani anataka kwenda Beersheba kusomea kutafsiri lugha. Mimi namwambia unatafsiri nini zaidi ya mama yako?

Kazini wamenipa karatasi yenye fremu na boksi la chokoleti kwa kuwafundisha Wamarekani. Tikva wa meza ya tatu akasema, "Zohara, ukiona mkubwa anakupa chokoleti, tafuta mlango." Tukacheka. Halafu wiki iliyopita wakaja vijana wawili wakapima meza zetu, wakapima tanuri, wakapima na mlango. Nikamuuliza msimamizi, "Mnatuletea meza mpya?" Akasema, "Kitu kama hicho." Wewe ulikuwa unaitwa kwenye mikutano ya wakubwa. Uliwahi kusikia lolote? Nina miaka ishirini na sita kwenye meza ile, nisingependa ibadilishwe bila kuulizwa.

Msalimie Dwayne. Mwambie supu nzuri huliwa na kijiko.

Zohara Gueta

(Na mimi Hodaya nakusalimu. Tangu uondoke hakuna wa kucheka vichekesho vyangu humu ndani. Baba hulala katikati.)


Pine Hollow
1 Machi

Bi Zohara,

Samahani nimechelewa. Tulipata barafu siku nne, barabara zikafungwa, na kwetu barafu ikianguka watu hukimbilia dukani kumaliza mikate kama vile dunia inakwisha.

Viazi vimekubali! Vitano kati ya vinane. Dwayne alikula vitatu akaomba nimpelekee kaka yake.

Kuhusu ule upimaji wa meza, sijui mengi. Wakubwa huongea mambo mengi kwenye mikutano na mengine hata hayafanyiki. Usijiumize kichwa.

Hapa tumeanza kazi yenyewe. Visanduku kumi na viwili kwa siku, wewe ungefanya arobaini. Mwambie Hodaya kwamba nimewasimulia wasichana wangu wa kiwandani kichekesho chake cha rabi na mbuzi, lakini hapa kikageuka kuwa cha mchungaji na mbuzi, na mchungaji wetu alikuwa amesimama nyuma yangu.

Akupendaye,
Charlene


Kiryat Gat
6 Aprili

Charlene,

Jumapili walituita ukumbini, wanawake arobaini na moja. Mtu wa ofisini, mdogo kwa Hodaya kwa sura, akasoma karatasi. Akasema fedha za kutengeneza kwa pamoja zinatoka Washington na zina masharti, na sharti ni kwamba kazi ya visanduku ifanyike kwenu. Akasema si kosa letu, kazi yetu ilikuwa nzuri sana. Akasema hivyo mara mbili, nzuri sana. Tikva akamuuliza, "Kama ni nzuri, mbona unatufukuza?" Akasema, "Hamfukuzwi, kazi inahama." Tikva akamwambia, "Basi nihamishie na mimi."

Hayo ningeyameza. Wanawake wa mji huu tumemeza mengi. Lakini msimamizi alitoka na mimi nje, akawasha sigara, akaniambia, "Zohara, usishangae hivyo, wote waliokuja kufunzwa walikuwa wanajua. Waliambiwa Novemba."

Novemba, Charlene. Ulikaa kwangu Ijumaa tisa. Ulikula mafrum yangu ukijua. Nilikuwa nakuonyesha namna ya kushika bomba la gundi, namna ya kukaa ili shingo isiume, mambo ambayo hata mwanangu sijamwonyesha, na wewe ulikuwa unajua kwamba unanichimbia. Nikakuuliza kwa barua, ukaniambia usijiumize kichwa.

Sijiumizi kichwa. Usiniandikie.

Zohara Gueta

(Mimi Hodaya. Nimeandika kama alivyosema, sikupunguza. Mengine aliyasema kwa Kiarabu cha Tripoli, cha bibi aliyetoka Libya, hayo hayatafsiriki.)


Pine Hollow
29 Aprili

Bi Zohara,

Ni kweli. Nilijua.

Walituambia wiki ya tatu. Tulikuwa sita kwenye chumba kidogo, wenzangu wa mitambo mingine, wakatugawia karatasi ya kusaini kwamba hatutasema kwa mtu yeyote. Nilisaini. Jioni ile ndiyo uliyonifungashia mkate wa Sabato nipeleke hotelini, ukasema nimekonda.

Sitaki kujitetea lakini nataka ujue nilikuwa nani siku ile. Dwayne alikuwa hana kazi mwaka wa nne. Alikuwa anaamka asubuhi, anavaa viatu vya kazi, anakaa navyo barazani mpaka mchana. Duka la dawa limefungwa, shule ya msingi imeunganishwa na ya mji mwingine, kanisani tulikuwa tumebaki wazee na mimi. Nikajiambia, Bi Zohara ana mume mwenye kazi, ana nchi inayomtunza, atapata pengine. Nilijiambia hivyo kila Ijumaa njiani kuja kwako.

Kila nilipotaka kusema, uliniongezea chakula.

Sina haki ya kuomba kitu. Naomba tu usidhani nilikuwa nakucheka.

Charlene


Pine Hollow
11 Juni

Bi Zohara,

Hii ni barua ya tatu tangu ile yako. Kama hukuzisoma mbili za kati, si neno. Hii naomba uisome, na kama huwezi, Hodaya akusomee mpaka mwisho.

Visanduku vyetu vinapasuka. Si vyote. Tukiviweka kwenye baridi kali ya majaribio, kimoja katika kila kumi na viwili kinatoka na ufa mwembamba ndani ya gundi, au na mapovu madogo kama mayai ya samaki. Mhandisi anasema fuateni saa. Tunafuata saa, dakika kwa dakika kama ilivyoandikwa. Aprili hali haikuwa mbaya sana. Tangu joto lianze ndiyo hivi. Huku kwetu kiangazi hewa ni ya kukamua kama nguo.

Wewe hukuwahi kutazama saa. Nilikuona. Ulikuwa unainua kijiti kutoka kwenye gundi, unatazama, unasema, "Bado," au unasema, "Sasa." Nilidhani nimejifunza na sikujifunza. Nilijifunza kusema "sasa" wewe ukishasema.

Visivyopasuka vinapelekwa. Lakini mimi sijui kama visivyopasuka ni vizima au havijapasuka tu. Mhandisi ameniambia niache kuuliza maswali ya namna hiyo mbele ya wasichana.

Usinijibu mimi. Jibu kwa ajili ya vitu vyenyewe. Vitapaa juu ya mji wako, Bi Zohara, si juu ya mji wangu.

Charlene


Kiryat Gat
2 Julai

Dada Charlene,

Naandika mwenyewe, mama hajui. Kwa hiyo leo hakuna mwiko.

Barua yako ilifika. Nilimsomea yote, mpaka mwisho, kama ulivyoomba. Alisikiliza anakuna karoti. Nilipofika pale kwa mapovu aliacha kukuna. Nikajua anajua. Nikamwambia, "Mama, ni nini?" Akasema, "Waiulize saa yao." Akarudi kwenye karoti.

Usimwone mbaya. Sasa anaosha vyombo kwenye ukumbi wa harusi. Ana miaka hamsini na nane, anarudi vidole vimevimba, na wale wasichana wa pale wanamwita "bibi". Tikva amehamia kwa mwanawe Haifa. Ile karatasi ya fremu waliyompa ameigeuza kibao cha jikoni, anakatia vitunguu juu ya kioo chake.

Mimi nimejaribu kila njia. Nimemuuliza kwa mzaha, nimemuuliza kwa hasira, nikamwambia, "Mama, siku moja hicho kisanduku kitakuwa juu ya kichwa changu." Akanipiga na kitambaa, akasema nisijiombee mabaya. Lakini jana usoni alikuwa amelegea kidogo. Nikapata nusu: kasema, "Hewa yao ina maji, na wao wanamimina kama wako jangwani." Sijui kama inakusaidia. Nitaipata na nusu ya pili. Mimi ni king'ang'anizi, muulize baba.

Huku hali si nzuri. Umesikia kwenye habari. Ving'ora vimeanza, jana mara nne. Tukisikia tuna sekunde arobaini na tano za kujificha. Nimewafundisha watoto kukimbilia chumba cha zege wakijifanya bata, mstari mmoja, mikono kiunoni. Wanapenda mno, wengine wanauliza king'ora kitalia lini tena. Halafu tunaketi humo tunaimba kwa sauti kubwa ili tusisikie. Na usiku ndege zetu zinapita kwenda Gaza, madirisha yanatikisika. Namwambia mama, huko nako kuna mwalimu wa chekechea, na yeye hana chumba cha zege wala king'ora wala kombora la kinga. Mama anasema, "Kula."

Nakupenda licha ya ulivyotufanyia. Nilikasirika mwezi mzima, nikachoka.

Hodaya


Pine Hollow
14 Julai

Hodaya mpenzi,

Barua yako nimeisoma kwenye gari nje ya kiwanda, sikuweza kungoja nyumbani. Mungu akulinde wewe na bata wako.

Ile nusu nimeijaribu. Tumeweka mashine ya kukausha hewa. Nyufa zimepungua, mapovu hayajapungua. Kuna kitu kingine, kitu anachofanya kabla ya kumimina. Najaribu kukumbuka mikono yake na ninachokumbuka ni anavyonisimulia habari za shemeji yake.

Tangu vita vianze tunafanya kazi saa kumi na mbili kwa zamu. Washington wamepiga simu, kwenu makombora yanapungua, wanataka kila kilichopo kiondoke. Bunge limeongeza fedha kwa siku mbili, sijawahi kuona wale watu wakikubaliana kwa siku mbili. Ijumaa waliniletea karatasi ya shehena nzima. Mimi ndiye mkaguzi wa mwisho. Nikamwambia meneja, "Siviamini hivi." Akaniuliza, "Vimefaulu majaribio au havikufaulu?" Nikasema vimefaulu. Akasema, "Charlene, kule watu wako chini ya makombora na wewe unataka wangoje kwa sababu ya hisia zako?"

Nikafikiri habari zako, na watoto, na zile sekunde. Nikaona afadhali kombora lenye shaka kuliko kukosa kombora. Nikasaini.

Sijui kama nilifanya vizuri. Muulize tena, Hodaya. Mwambie nitapiga magoti kama anataka. Mwambie nipo tayari aniite jina lolote la Kiarabu cha Tripoli.

Dada yako,
Charlene


Kiryat Gat
4 Septemba

Kwa Charlene Odom.

Anayeandika ni Raya Feldman, jirani wa ghorofa ya pili. Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza. Yanayofuata anasema Bi Zohara, nami naandika.

Hodaya hayupo. Alifariki Jumatatu tarehe 21 Julai, saa sita na dakika kumi mchana, kwenye uwanja wa chekechea. King'ora kililia watoto wakiwa nje. Aliwaingiza wote. Mmoja, Eliya, wa miaka mitatu, alirudi kuchukua kiatu, naye akamfuata. Alimrusha ndani. Yeye hakuwahi mlango.

Mtoto ni mzima. Mama yake huja kila Ijumaa, anakaa, anaondoka. Nimemwambia asije tena na bado anakuja.

Watu waliokuwa barabarani waliliona kombora la kinga likipaa. Pinhas naye aliliona, alikuwa kwenye lori makutano. Anasema lilipanda vizuri, likapinda kulifuata lile lingine, kisha likawa kama limesahau lilikokuwa linakwenda. Amelisema hilo mara moja tu. Wakaja maofisa wawili na mwanamke mmoja mwenye sauti laini, wakatuambia hakuna mtambo duniani unaokamata yote. Tisa katika kumi, wakasema. Nikawauliza, "Na hili letu lililokosa la kumi lilitengenezwa wapi, hapa au kule?" Wakasema hilo haliwezi kujulikana, na hata lingejulikana lisingesemwa.

Barua yako kwa Hodaya ilifika siku ya nne ya matanga. Pinhas aliifungua akidhani ni ya rambirambi.

Sasa nisikilize. Ile Jumatatu asubuhi Hodaya aliniuliza tena. Alikuwa anakunywa kahawa amesimama, kama kawaida yake. Akasema, "Mama, nusu ya pili, leo nakuomba kwa adabu." Mimi nilikuwa nimeshaamua kusema. Nilikuwa nimeamua tangu Jumamosi. Lakini nilitaka aniombe mara moja zaidi. Nikamwambia, "Jioni nitakwambia." Akanibusu hapa, akaenda.

Andika sasa, usipoteze.

Kabla ya kumimina, kisanduku kipashwe moto. Ulikuwa unaniona naviweka juu ya tanuri nikienda kunywa kahawa, ukadhani natafuta nafasi mezani. Kisanduku cha baridi kinatoa jasho ndani, hulioni kwa macho, na jasho ndilo linalotia mapovu. Kigusishe shavuni. Kikiwa kama shavu la mtu mzima wa afya, kipo tayari. Kisha gundi. Chovya kijiti, inua. Uzi wa gundi ukikatika upesi, bado. Ukirefuka bila kukatika, umechelewa, mwaga. Uzi ukikatika na ncha yake ikajikunja kurudi juu, mimina, na usizungumze na mtu mpaka kijae.

Ni hayo. Bi Raya anasema yamechukua mistari minane. Yangeingia kwenye kadi ya posta.

Zohara Gueta


Pine Hollow
12 Desemba

Bi Zohara,

Nimeanza barua hii mara nyingi tangu Septemba, na kila nikianza naandika "pole", halafu nalitazama hilo neno, nachana karatasi.

Tulifanya ulivyosema. Tangu wiki ile hakuna ufa hata mmoja. Mhandisi amebadilisha kitabu cha maelekezo, ameandika kiasi cha joto na dakika, na anasema amegundua. Niliwaambia wote ni nani aliyegundua. Walisikiliza kwa heshima, kisha wakarudi kazini.

Nilimwendea meneja nikamwomba namba ya lile kombora. Nikamwambia nataka kujua kama kisanduku kilitoka kwenye shehena niliyosaini mimi. Akafunga mlango. Akasema, "Hata kama ningejua, ungefanya nini nayo?" Nikamwambia ningejua. Akaniambia niende nyumbani nikapumzike siku mbili kwa malipo.

Mwezi uliopita Bunge lilikuwa linapiga kura ya fedha za mwakani, nyingi kuliko zote zilizopita. Wakanipeleka Washington, mimi na wasichana wawili, tukasimame nyuma ya mbunge akihutubia. Alinishika bega, akasema, "Mikono ya mama huyu wa Arkansas inaokoa watoto wa rafiki zetu." Watu wakasimama kupiga makofi. Nilitaka kusema jina la Hodaya. Lilikuwa mdomoni kabisa. Nikaogopa kwamba nalo watalipigia makofi. Nikatabasamu, ipo picha.

Dwayne amepata kazi, mlinzi wa geti la kiwanda. Ananisalimia asubuhi kwa saluti, ni mzaha wake. Siku hizi namwomba aache.

Nilisaini mimi, Bi Zohara. Niliviogopa vile visanduku na nikasaini. Lilikuwa langu, najua lilikuwa langu. Nimeweka akiba, naweza kuja Januari. Sitaki kula kwako. Nataka tu unitazame usoni na unitamkie unalotaka. Nitakaa mlangoni.

Charlene


Kiryat Gat
20 Januari

Charlene,

Anaandika tena Bi Raya, na ni mara ya mwisho. Mwezi ujao anahamia kwa binti yake Ujerumani, na mwingine wa kuniandikia sitamtafuta.

Unasema lilikuwa lako. Mimi nina hesabu nyingine. Makombora yaliyorushwa Julai mengi yalikuwa ya zamani, ya mwaka wa nyuma, ya meza yangu. Mwaka ule Novemba na Desemba nilikuwa nafanya kazi huku nakufundisha, naongea, nacheka, nakuonyesha. Mimi ambaye huwa siongei nikimimina. Labda kimoja kilipita na jasho ndani. Na kama hakikuwa cha kwangu, basi ni cha kwako nisichotaka kukitengeneza kwa mistari minane. Nimezunguka pande zote, Charlene, narudi palepale. Wewe unataka liwe lako na mimi nataka liwe langu, na wale wanaojua hawatatuambia. Tutazeeka na hili, kila mtu kwake.

Pinhas ameacha lori. Anakaa upande wa dirisha. Hatukuuana. Hatuongei kiasi cha kuuana.

Kiwanda kiliniita. Vita vimemaliza akiba, kwenu hamwezi kutosheleza peke yenu, kwa hiyo wamefungua tena meza nane kwa miezi sita, na zile fedha za kwenu zina sharti jipya linaloruhusu. Yule kijana aliyetusomea karatasi ukumbini alikuja mwenyewe nyumbani. Alikuwa hajui habari ya Hodaya. Aliona picha na mshumaa, akasimama, akaikunja karatasi yake. Nikamwonea huruma. Nikamwambia, "Kaa, kunywa maji. Lini?"

Pinhas akaniuliza nitawezaje kugusa vitu vile. Nikamwambia sijui pa kuiweka mikono. Nikikaa nyumbani inatandika kitanda cha Hodaya.

Kwa hiyo nipo mezani. Wamenipa wasichana watano wa kufundisha, wa rika lake. Mmoja anacheka sana. Nimewaambia hapa hakuna kuongea. Wananiogopa, na iwe hivyo. Miezi sita ikiisha watafukuzwa, nami nao, na hili nimewaambia siku ya kwanza, kabla hawajavua makoti.

Nimekusamehe ile ya Novemba. Ulikuwa na mume barazani. Hili lingine si la kusamehewa wala la kutosamehewa, sina neno lake, na Bi Raya naye hana.

Usije. Nikikuona nitaanza kukupikia, na nitaweka sahani nne.

Zohara Gueta